Kalerwe: kazi ya kwanza ipo, ya pili iko wapi?

Kabla hakujapambazuka, malori ya ndizi kutoka Mbarara na Isingiro yanakuwa yameshaegeshwa kando ya barabara ya Gayaza, na soko la Kalerwe jijini Kampala limeshachangamka. Kijana wa miaka 16 mwenye nguvu za mgongo hakosi la kufanya hapo. Anasimama nyuma ya lori, anatwishwa mkungu, anaupeleka hadi kwa mwenye mali, anarudi kuchukua mwingine, na mwisho analipwa kwa hesabu ya mikungu aliyobeba. Hakuna anayemdai cheti wala barua ya maombi. Kwa hesabu hiyo, kazi ya kwanza Kalerwe hupatikana ndani ya asubuhi moja.

Kwa hiyo nadhani tunapouliza kama ajira za vijana zipo au hazipo, tunaanzia pabaya. Swali linaloniuma ni jingine. Kijana huyo akishabeba mikungu miezi sita, asiibe, asichelewe, asigombane na mtu, anabaki na nini mkononi cha kumwonyesha mwajiri wa pili? Wengi hawabaki na chochote. Sifa zao zote zimo vichwani mwa watu watatu wanne wa safu moja ya vibanda, na wakivuka mji kwenda Nakawa au Ntinda wanaanza upya kama watu walioingia Kampala jana.

Kalerwe iko Divisheni ya Kawempe, kaskazini mwa jiji, pale barabara ya Gayaza inapokutana na barabara ya mzunguko ya kaskazini iliyofunguliwa mwaka 2009. Bwaise iko upande mmoja, Kyebando upande mwingine, na kilima cha Makerere na hospitali ya Mulago haviko mbali. Ni bondeni, na mvua kubwa ikinyesha, mfereji wa Nsooba hufurika na maji huingia hadi vyumbani mwa watu. Soko lenyewe linajulikana mji mzima kwa bei nafuu: viazi mviringo vya Kabale na Kisoro, nanasi za Kayunga na Luweero, maharage, kabichi, nyanya, kuku wa kisasa. Mwenye hoteli ndogo ya Wandegeya na mama anayelisha watoto sita Kawempe wote hununua hapo.

Bidhaa zinazoingia kwa jumla na kutoka kwa rejareja zinahitaji mikono mingi ya malipo madogo, na mikono hiyo kwa sehemu kubwa ni ya vijana. Wapo wa kupakua, wa kuchambua maharage, wa kuwamenyea wateja ndizi, wa kunyonyoa kuku, wa kuosha sahani, wa kukanda unga wa chapati, wa kuuza mifuko, na wa kuita abiria kwenye stendi ya takisi, ambazo kule Dar es Salaam ndizo daladala na Nairobi ndizo matatu. Kuhangaika na vibarua vya namna hii Waganda wanakuita kupakasa, na kuna watu waliopakasa tangu utotoni hadi wakaoa na kuzaa bila kubadilisha safu ya soko.

Wanaokuja kutafuta si kundi moja, na kuwachanganya ndiko kunakoharibu mipango mingi. Wapo waliomaliza mtihani wa kidato cha nne mwisho wa mwaka, wanangoja matokeo na wanatafuta walau sehemu ya karo ya kidato cha tano. Wapo waliomaliza kidato cha sita, ambao likizo yao kabla ya chuo kikuu huchukua zaidi ya nusu mwaka. Hao hupendwa madukani na kwenye vibanda vya kutuma pesa kwa simu kwa sababu hesabu na Kiingereza haviwasumbui. Wapo walioishia darasa la sita au la saba. Na wapo waliotoka kijijini moja kwa moja, wameletwa na shangazi au mjomba kwa ahadi ya shule ambayo haikutimia. Wa likizo anatafuta pesa ya miezi michache. Aliyeacha shule anatafuta maisha. Ukiwapa wote semina moja ya ujasiriamali, mmoja hakuihitaji na mwingine haimtoshi.

Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu milioni 45.9 nchini Uganda, na takriban nusu yao hawajafika miaka 18. Serikali iliondoa ada ya shule za msingi mwaka 1997 na kuanza mpango wa sekondari bila ada mwaka 2007, lakini sare, madaftari, chakula cha mchana na michango ya kila muhula havikuondoka pamoja na ada. Kisha likaja janga la korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa wote hadi tarehe 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Watoto waliingia sokoni, kwenye machimbo ya mawe na mashambani kusaidia nyumbani, na baadhi yao hawakurudi darasani milango ilipofunguliwa. Aliyekuwa na miaka 12 shule zilipofungwa sasa amefikia au anakaribia utu uzima, na pengo lile bado limo kwenye kila fomu anayojaza.

Basi kazi hupatikanaje? Kibarua cha siku hupatikana kwa kujitokeza. Kazi yenye malipo ya mwezi, au yenye nafasi ya kujifunza kitu, hupatikana kwa kujulikana. Watu huliita jambo hili upendeleo na kulilaani, nami siwalaumu, lakini ukikaa karibu na mwenye kibanda utaona ana hoja. Chukua kibanda cha rolex, ile chapati inayoviringishiwa mayai na vipande vya kabichi. Mtaji wake wote ni mfuko wa unga, mafuta, trei za mayai, jiko la makaa na kikaango kipana cha chuma. Mwenyewe akitoka kwenda kununua nyanya anamwachia kijana moto, wateja na kopo la pesa. Kijana akitoweka na mauzo ya siku mbili, kibanda kimefungwa. Kwenda polisi kutagharimu zaidi ya kilichoibwa, na kijana mwenyewe hana makazi ya kueleweka, maana analala kwa zamu chumba kimoja na wenzake. Kwa hiyo swali la kwanza halihusu ujuzi kabisa.

“Mwanangu, nani anakujua hapa?”

“Nnyabo, ananijua mama wa nyanya, yule wa pale mbele.”

Mama wa nyanya ataitwa, atamtazama kijana, atasema “huyu ni wetu” au atanyamaza. Akisema, amejifunga. Kijana akiharibu, yeye ndiye atakayefuatwa, na jina lake ndilo litakalochafuka safu nzima. Ndiyo maana wadhamini huchagua sana, na hudhamini wa kwao kwanza. Matokeo yake ni kwamba mwenye shangazi sokoni anaanzia kwenye kibanda, karibu na pesa na ujuzi, na asiye na ndugu anaanzia nyuma ya lori. Akili zao zinaweza kuwa sawa kabisa. Miaka miwili baadaye hawako sawa tena.

Hata aliyedhaminiwa hupimwa, na upimaji huo una ustadi ambao vyuo vingi vingeuonea wivu. Siku za mwanzo anapewa kazi zisizogusa pesa: kuchota maji, kuwasha makaa, kuosha vyombo. Anatazamwa kama anafika kabla ya mwenye kibanda au baada yake, na kama akimaliza alichotumwa anakaa au anaokota kingine. Kisha anatumwa kununua unga, na chenji inahesabiwa mbele yake bila neno. Kisha anaachwa peke yake dakika kumi, halafu saa nzima. Siku mteja mlevi akija kutukana, mwenye kibanda anasimama kando makusudi aone kijana atajibu nini. Baada ya mwezi anajua kila kitu ambacho mwajiri yeyote mjini angetaka kukijua kuhusu mtu huyu. Lakini haandiki popote.

Karatasi ambazo kijana anaweza kuzipata hazisemi habari hizo. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, inathibitisha kwamba anakaa mtaa huo. Kazi zake haizijui. Kitambulisho cha taifa hutolewa na mamlaka ya usajili, NIRA, kuanzia miaka 16, na asiye nacho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo malipo yake ya simu hupitia kwa kaka, kwa rafiki au kwa bosi mwenyewe, na mara nyingi hupungua njiani. Cheti cha kidato cha nne, kwa aliyenacho, kinasema alivyojibu mtihani wa kemia. Hakuna kati ya hizi inayosema: alikabidhiwa pesa na hazikupotea.

Nilidhani mambo haya ni ya hisia tu, kitu unachokijua kwa kukaa mjini, hadi niliposoma utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 2020 katika jarida la Econometrica. Oriana Bandiera, Imran Rasul, Livia Alfonsi na wenzao walifuatilia vijana 1,700 na karakana na biashara 1,500 kwa miaka minne. Baadhi ya vijana walipelekwa chuo cha ufundi kwa miezi sita: ushonaji, saluni, uchomeleaji, ufundi magari, umeme wa majumbani, mapishi na kadhalika. Wengine waliwekwa moja kwa moja kwenye biashara wajifunzie kazini kwa miezi sita hiyo hiyo. Makundi yote mawili yalipata ujuzi, na kwa kiwango kinachokaribiana. Waliojifunzia kazini walianza kupata pesa mapema. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda faida yao iliyeyuka, ilhali ya waliopitia chuoni ilikua taratibu na kudumu.

Sababu waliyoiona watafiti ndiyo kiini cha hoja yangu. Wote wawili wakipoteza kazi, yule wa chuo anarudi kazini haraka zaidi, yaelekea kwa sababu ujuzi wake una cheti na mwajiri asiyemjua anaweza kuuamini. Yule wa karakana anajua kuchomelea vilevile, lakini anayeliamini hilo ni fundi wake peke yake. Fundi akihama, akifunga au wakikosana, ujuzi unabaki mikononi na hauna pa kuingilia.

Utafiti wa pili, wa Vittorio Bassi na Aisha Nansamba, uliligusa jambo hili kwa karibu zaidi. Wao waliwapima vijana tabia ambazo mwenye kibanda wa rolex anazipima kwa macho, kama mahudhurio, uaminifu na jinsi ya kuongea na watu, wakaziandika kwenye cheti, kisha wakakionyesha kwa vijana wenyewe na kwa wenye biashara ndogo wakati wa usaili. Vijana walianza kujithamini zaidi, mameneja wenye uwezo waliwapandisha daraja machoni mwao, na walioajiriwa walilipwa zaidi. Kilichoongezeka hapo ni karatasi. Vijana walikuwa walewale.

Vijana wa utafiti ule wa kwanza walikuwa wakubwa kidogo kuliko wa malori ya Kalerwe, na chuo cha miezi sita kinahitaji mtu wa kumlisha kijana wakati anajifunza. Hapo ndipo mlango wa karakana unapobaki kuwa wa kweli kwa maskini. Ukitoka Kalerwe kuelekea Bwaise utakuta mafundi wa madirisha ya chuma, wa vitanda, wa pikipiki. Mzazi anakubaliana na fundi kwa mdomo, mara nyingi analipa pesa ya kujifunza, na kijana anaanza kwa kufagia na kushika chuma wakati mwenzake anachomelea. Kujifunza huchukua muda fundi atakaoamua. Kuna mafundi waungwana wanaomfungulia kijana njia kwa mwaka mmoja, na kuna wanaomweka miaka mitatu kwa sababu kibarua asiyelipwa ana faida kubwa. Mkataba hauandikwi, kwa hiyo hakuna siku ambayo kijana anaweza kusema leo nimehitimu.

Sheria inasemaje? Inasema mengi, na si yote yanapatana. Katiba ya 1995 inawalinda dhidi ya unyonyaji wa kazi walio chini ya miaka 16. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza kabisa kumwajiri aliye chini ya miaka 12, na aliye chini ya miaka 14 inamruhusu kazi nyepesi tu, chini ya uangalizi wa mtu mzima, isiyomvurugia masomo. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yaliweka umri wa kuanza kazi kuwa miaka 16. Kazi za hatari ni marufuku hadi mtu afike miaka 18. Tanzania mpaka uko miaka 14, na Kenya kazi nyepesi zinaruhusiwa kuanzia 13, kwa hiyo Uganda haiko peke yake katika kuwa na ngazi nyingi za umri. Lakini Sheria ya Ajira ya Uganda ina kifungu kimoja ambacho Kalerwe nzima inakivunja kila siku: aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa kati ya saa moja jioni na saa moja asubuhi. Mikungu inashuka saa kumi na moja alfajiri. Kijana wa miaka 17 aliye chini ya lori, ambaye katiba inamwona amevuka umri wa kunyonywa, yuko nje ya sheria kwa sababu ya saa.

Juu ya malipo sheria inasema kidogo mno. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, hakijawahi kubadilishwa. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha mwaka 2019 na Rais Museveni akakataa kuusaini. Shilingi 6,000 leo hazimlishi mtu siku mbili. Maana yake ni kwamba hakuna kiwango, na anayeanza kazi hulipwa anachopewa.

Wasichana wana njia yao, na ni nyembamba zaidi. Lori haliwachukui. Wanakwenda kwenye vibanda vya chakula, saluni, kuchambua maharage, na zaidi ya yote kazi za ndani. Kazi ya ndani ndiyo ya kwanza kwa wengi wao na ndiyo isiyoonekana kabisa: analala pale pale, anaamka wa kwanza, anapumzika wa mwisho, na mshahara mara nyingi hupewa ndugu aliyemleta. Akiondoka baada ya miaka miwili, ushahidi wake wote ni neno la mwenye nyumba, ambaye aghalabu wameachana kwa ugomvi. Kwenye vibanda kuna balaa jingine, la mwanamume anayetaka urafiki kabla hajatoa kazi, au baada. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 aweke utaratibu wa kuzuia udhalilishaji wa kijinsia. Nani Kalerwe ana wafanyakazi 25? Msichana anabaki na simu ya msaada ya Sauti, namba 116, ambayo ni ya bure na inapaswa kubandikwa kwenye kila nguzo ya soko, na ushauri wa wenzake kuhusu kibanda kipi cha kuepuka.

Kwa wasichana tunajua pia kitu kinachofanya kazi. Shirika la BRAC liliendesha Uganda klabu za wasichana wa miaka 14 hadi 20, karibu na nyumbani, zikiongozwa na dada wa mtaa huo huo, zikichanganya ufundi wa kujipatia kipato na mazungumzo ya wazi kuhusu mwili, ndoa na pesa. Miaka minne baadaye, wasichana wa mitaa yenye klabu walikuwa wameingia kwenye kujitafutia kipato kwa karibu nusu zaidi, hasa kwa biashara zao wenyewe, na mimba za utotoni zilikuwa zimepungua kwa theluthi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020. Ninachokipenda ni kwamba klabu zile hazikusubiri msichana afike miaka 18.

Programu za serikali husubiri. Mfuko wa vijana ulioanza mwaka wa fedha wa 2013/14 uliwekewa umri wa 18 hadi 30, na mkopo ulitolewa kwa kikundi. Mpango wa maendeleo wa parokia, kwa maana ya eneo la utawala, uliozinduliwa 2022 nao ni wa watu wazima. Mpango wa rais wa kuwapa wasichana ufundi, ulioanza 2017 Kampala, umewafikia wengi waliokosa shule na kuwapa miezi ya ushonaji, saluni na uokaji bila malipo, na hilo ni jema. Lakini kwa ujumla kati ya miaka 16, ambapo unaruhusiwa kufanya kazi, na 18, ambapo unaruhusiwa kusaidiwa, kuna miaka miwili isiyo na mwenyewe. Ni miaka hiyo hiyo ambayo tabia ya kazi inajengeka au inaharibika.

Wazazi na walimu wataniuliza kwa nini nizungumze habari za kazi kabla ya shule. Ni swali halali, na nakubaliana nao kwamba mtoto wa miaka 13 mahali pake ni darasani, si chini ya mkungu. Lakini mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020, ambao kundi lake la kwanza lilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024, wenyewe umekiri kwamba shule na kazi haviwezi kuendelea kukaa mbalimbali: mwanafunzi anasoma ufundi, na anapimwa pia kwa miradi anayoifanya mwaka mzima. Kama shule inaweza kumpa alama mwanafunzi aliyefuga kuku kama mradi, sioni kwa nini kijana aliyeuza kuku Kalerwe likizo nzima bila kupoteza hata mmoja asiwe na pa kuandikiwa.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wachache sokoni wanalijua. Sheria ile ile ya Ajira ya 2006 inamtambua mfanyakazi wa mkataba wa mdomo, na inampa haki, anapoacha kazi, kudai hati ya utumishi. Mwajiri anatakiwa aandike jina lake na la mfanyakazi, mahali, aina ya biashara, muda aliofanya kazi, kazi aliyoifanya na mshahara aliokuwa akipata mwishoni. Ni ukurasa mmoja. Kanuni za 2011 zinaongeza kwamba mtu hawezi kuwekwa kibarua wa siku kwa siku kupita miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa kueleweka. Ningekuwa na uwezo wa kumfundisha kijana wa Kalerwe kitu kimoja kabla hajaenda sokoni, ningemfundisha kuomba ukurasa huo, kwa heshima, siku anayoaga, wakati bado wanapatana.

Soko lenyewe lina mazoea ya daftari. Vikundi vya kuweka akiba vya akina mama wa Kalerwe huandika kila wiki nani kaleta kiasi gani, nani kakopa, nani kachelewa, na daftari hilo linaaminiwa kuliko benki. Uongozi wa soko unaweza kuwa na daftari la pili: kijana fulani, kibanda fulani, tangu mwezi huu hadi ule, alikabidhiwa hiki na hiki. Mdhamini angesaini mara moja badala ya kuitwa kila mara, na kijana asiye na shangazi angekuwa na njia ya kujijengea jina mwenyewe kwa kuanza na kazi ndogo. Kwa ufundi, Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, DIT, ilikuwa ikiwapima watu waliojifunzia kazini, sehemu moja ya ujuzi baada ya nyingine, na kuwapa pasi ya mfanyakazi. Tangu 2025 upimaji huo umeingia chini ya bodi mpya ya taifa. Tanzania VETA nayo huwapima mafundi waliojifunza mtaani na kuwapa vyeti. Fundi wa madirisha wa Bwaise angeweza kuwapeleka vijana wake wapimwe, kama ada ingepunguzwa na wapimaji wangekuja karakanani badala ya kungoja kijana apoteze siku ya kipato.

Kikwazo kikubwa ninachokiona ni woga. Mwenye kibanda akimwandikia kijana wa miaka 17 kwamba alifanya kazi kwake miezi minane, ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba aliajiri mtoto, pengine alfajiri, na karatasi hiyo inaweza kuishia mezani mwa ofisa wa kazi au wa mamlaka ya jiji, KCCA, anayetafuta kosa. Anayemficha kijana ananyamaza na yuko salama. Anayemtendea haki ndiye anayejiweka hatarini. Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii inaweza kuliondoa hilo kwa waraka mmoja, ukitaja wazi kazi za mchana za sokoni ambazo wa miaka 16 na 17 wanaruhusiwa, saa za kuanza na kumaliza, na kwamba mwajiri aliyezifuata na kuandika hati hataadhibiwa kwa kuandika. Kupakua mikungu usiku kungebaki kwa watu wazima, ambao nao wangelazimika kulipwa bei ya watu wazima. Waraka huo haudai fedha kwenye bajeti. Maofisa wa kazi wa Divisheni ya Kawempe ndio wangeanza kuutumia, na vijana wa kidato cha nne wanaomaliza mtihani mwaka huu wangeukuta tayari.